Kwaya Yetu Katika Daftari la Rambirambi



Kamati ilitupa kazi ya kuandika historia ya kwaya kwa ajili ya kijitabu hiki. Tulidhani ni kazi ya wiki mbili. Tukaenda kwenye kabati la ofisi kutafuta vitabu vya kumbukumbu za mikutano, tukakuta vitatu. Cha kwanza kilinyeshewa mwaka ule paa lilipovuja wakati wa vuli, na kurasa zake zimeshikana kama chapati za jana. Cha pili kina kumbukumbu za mikutano minne tu. Kurasa zilizobaki mtu alizitumia kuandikia nota za solfa, nasi hatumlaumu sana kwa sababu nota zenyewe bado tunazitumia. Cha tatu ni cha miaka ya karibuni, na kila aliye katika kundi letu la simu anayajua yaliyomo.

Kilichotuokoa ni madaftari ya rambirambi. Yako matano, yamefungwa pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na yamehama kutoka nyumba ya mweka hazina mmoja hadi ya mwingine tangu kwaya ianze. Hakuna mvua iliyoyafikia. Kumbukumbu za mkutano zikipotea hakuna atakayeuliza, lakini fedha za msiba huulizwa mpaka shilingi ya mwisho. Kwa hiyo kila alipofariki mwanakwaya, au mzazi, au mtoto wa mwanakwaya, mweka hazina alifungua ukurasa mpya akaandika jina la marehemu, kwao ni wapi, nani ametoa kiasi gani, nauli ya basi ni ngapi, na chini kabisa majina ya waliosafiri kwenda kuzika.

Basi historia ya kwaya hii tumeisoma kupitia misiba yake. Walikuwapo katika kamati walioona jambo hilo halifai katika kijitabu cha sherehe. Walitaka vikombe vya mashindano, kanda tulizorekodi na picha za majoho mapya, na vyote hivyo mtavipata mbele. Sisi tuliomba kurasa hizi chache ziachiwe daftari.

Kwenye ukurasa wa kwanza tunaona kwamba kwaya ilianza na watu wachache waliofanya kazi bandarini na katika reli, pamoja na wake zao, na wauguzi wawili. Tunajua kwa sababu mweka hazina wa kwanza aliandika mahali pa kazi kando ya kila jina, yaelekea ili ajue ni siku gani ya mwezi ya kumdai mtu. Michango ilikuwa shilingi tano, shilingi kumi. Mmoja ameandikiwa "ameahidi" mara tatu, na mara ya nne "ametoa". Mahali walipozikwa watu ni Taita, Ukambani, Rabai, Ribe, Kaloleni, Kisumu, Bungoma.

Mweka hazina wa pili alipenda kuongeza maelezo, na tunamshukuru sana. "Basi limeharibika Mtito Andei, tumelala humo." "Tumeimba nyimbo sita, mvua kubwa, kaburi limejaa maji, vijana wameyatoa kwa sufuria." "Chai hatukupata lakini tumepewa muhogo." Mwaka mmoja aliandika tu: "Sauti ya nne wamebaki wawili. Mungu atusaidie." Mwaka uliofuata, katika msiba mwingine, besi waliosafiri ni saba, na watano kati yao ni majina mapya. Hakuna mahali palipoelezwa walitoka wapi. Tukaenda kumuuliza mama mmoja wa sauti ya pili ambaye ameimba nasi tangu mwanzo. Akasema wale walikuwa jamaa za marehemu wa mwaka uliotangulia. Walikuja Mombasa kutafuta kazi, na kabla ya kutafuta nyumba wakawatafuta kwanza wale watu waliokwenda kumwimbia ndugu yao.

Wanaohamia Ganjoni hushangaa kwamba kanisa lenye watu wengi kama letu halina makaburi. Ganjoni ni mtaa wa watu wenye kwao. Tunazaliwa hapa, tunasoma hapa, tunafanya kazi Kilindini na mjini, lakini siku ya mwisho jeneza hupandishwa garini likapita Makupa kwenda bara, au likavuka Likoni kwenda Kwale. Sisi tunaobaki hatuna kaburi la kupalilia. Ndiyo maana Jumapili inayofuata Siku ya Watakatifu Wote imekuwa kubwa kwetu kuliko katika parishi nyingi. Kusi imekwisha, matlai inavuma, vuli inanyesha au inakaribia, madirisha ya upande mmoja yamefungwa, na mmoja wetu anasimama mbele kusoma majina. Kila baada ya majina kumi tunaimba ubeti mmoja. Ibada hiyo ndiyo makaburi yetu.

Tulipokuwa tukisoma madaftari tulikumbuka kwamba kanisa letu katika mji huu lilianza vivyo hivyo, kwa msiba. Tunaacha kando habari za Wareno na yaliyotokea Fort Jesus mwaka 1631, maana hayo yanahitaji kijitabu chake. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosina akafariki kwa homa, siku chache baada ya kujifungua binti, na mtoto naye akamfuata. Walizikwa ng'ambo, Nyali, na kaburi lipo mpaka leo. Kabla ya kanisa, shule au kwaya, palikuwa na kaburi. Miaka miwili baadaye Johannes Rebmann akamfuata Krapf, wakafungua kituo Rabai. Wakafanya kazi miaka mingi na mavuno yakawa haba. Wa kwanza kubatizwa pale alikuwa Mringe, mtu mlemavu, naye alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu na kufa. Ukiwa mhesabu wa kwaya ungesema tumepata mmoja, tumempoteza huyo huyo.

Kisha mwaka 1875 kikaanzishwa kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Wengi walifika wakiwa watoto waliotekwa mbali, na wakati wa ubatizo wakapewa majina mapya. Wenzao waliowatangulia walikuwa wamelelewa India, katika shule ya Nasik karibu na Bombay, baada ya kutolewa katika majahazi ya watumwa. Miongoni mwa hao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, ambao mwaka 1885 walifanywa mashemasi na Askofu James Hannington.

Habari ya Hannington mnaijua. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, kwa hiyo siku yake huangukia karibu na Watakatifu Wote, na Kanisa Kuu letu la Nkrumah Road, lenye kuba na matao kama majengo ya Kiislamu ya hapa pwani, lilijengwa kwa ukumbusho na kuwekwa wakfu mwaka 1905. Lakini Hannington hakufa peke yake. Alikuwa amechukua wapagazi karibu 50 na kuwaacha wengine nyuma pamoja na William Jones. Wachache sana kati ya wale 50 waliponyoka. Mapema mwaka 1886 Jones akaurudisha msafara uliobaki mpaka Rabai, mbele yao kukipepea bendera ya samawati yenye neno Ikabodi, lile jina la huzuni lililo katika Samweli wa Kwanza. Huko Rabai walikuwa wakingojwa. Kila mwaka kanisani tunalitaja jina la Askofu. Majina ya wale wapagazi hatuyasomi.

Jambo hilo lilitukaa moyoni zaidi tulipowapeleka vijana wa kwaya kutembelea makaburi ya vita ya Mbaraki, ambayo kutoka Ganjoni ni mwendo wa miguu. Mawe meupe, safu zimenyooka, nyasi zimekatwa. Kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe, na wapo watu wanaolipwa kuyatunza. Kijana mmoja wa sauti ya tatu akauliza wapagazi wako wapi. Tulimpeleka yeye na wenzake Jomo Kenyatta Avenue, penye sanamu zile tunazozipita kila siku bila kuzitazama. Ziliwekwa kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mnara wao hauna jina hata moja. Sisi tunaofundisha shuleni huwaambia watoto kwamba vita vile viliisha tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu havikuisha siku hiyo. Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alisalimu amri tarehe 25 Novemba, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Kwa wiki mbili, wakati Ulaya kengele zimekwisha kulia, walikuwapo watu wetu wenye mizigo kichwani bado.

Maji nayo yamechukua sehemu yake. Mapema Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini na msafara wa meli nyingine, ikiwa imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi, wakafa karibu watu 1,300. Na msiba wa Mtongwe wengi wenu mnaukumbuka wenyewe: tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka asubuhi, watu 272 wakafa. Katika daftari letu la tatu kurasa za juma lile haziko kama nyingine. Kwaya haikuwa imefiwa na mwanakwaya, lakini tuliimba katika mazishi manne ndani ya siku tano, mengine ya watu ambao majina yao tuliyajulia hapo hapo. Kuna mstari mmoja usemao: "Jirani, Mwislamu, 200, ya maji ya waimbaji." Jina lake halikuandikwa. Ikiwa yeye au watoto wake wanasoma haya, tunasema ahsante, na tunaomba radhi kwa kuchelewa.

Sasa tufike mahali ambapo daftari linakatika.

Machi 2020 makanisa yalifungwa. Tarehe 8 Aprili ikapigwa marufuku kuingia na kutoka Mombasa, na mwezi wa Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Mazishi yalikuwa ya watu 15, ya haraka, na kwaya haikuwa miongoni mwa hao 15. Wanakwaya wetu wawili walifariki mwaka huo. Mmoja alikuwa besi, mzee wa sauti ambayo ilitufanya tusihitaji kinanda. Alizikwa kwao, Taita, mwezi wa Mei. Tulichanga, tena kwa wingi, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha ya kwaya mchango wote ulikwenda kwa M-Pesa. Hakuna aliyefungua ukurasa. Tulidhani simu imeandika. Kabla mwaka haujaisha simu ya mweka hazina ikaingia maji, na ujumbe wote ukapotea.

Tuliporudi kanisani na kufika Novemba ya kusoma majina tukiwa wote pamoja, orodha ilinakiliwa kutoka daftarini kama kawaida. Jina la yule mzee halikuwamo. Mjane wake alikuwa ameketi safu ya tatu, upande wa kinanda. Tulisoma majina yote, tukaimba beti zote, tukafunga kwa sala ya neema. Hakuna hata mmoja wetu, na tulikuwa zaidi ya 30 pale mbele, aliyegundua. Majilio yalipofika hakuja, Krismasi hakuja, tukasikia amerudi kuishi Taita, tukasema labda ni uzee na joto la Mombasa. Miaka ikapita kabla ya mmoja wa binti zake kutuambia. Alituambia kwa upole, jambo lililotuumiza zaidi.

Hilo halimo katika kitabu chochote cha kumbukumbu za mikutano, na kamati ilijadiliana kwa muda mrefu kama liandikwe hapa. Tumeliandika.

Likizo ya Agosti iliyopita tulikodi matatu mbili, tukatoka saa kumi na moja alfajiri, tukapita Voi na Mwatate, tukapanda mpaka Wundanyi. Sisi watu wa pwani tulitetemeka. Majoho ambayo Ganjoni hututoa jasho kule hayakutosha, na soprano wawili waliimba wakiwa wamejifunga shuka. Kaburi liko nyuma ya nyumba, chini ya shamba la ndizi. Kasisi alisali. Tukaimba nyimbo sita, idadi ile ile ambayo mweka hazina wa pili aliiandika katika safari nyingi. Wimbo wa mwisho ulikuwa ule ambao mzee alikuwa akiuanzisha yeye, na nafasi yake ya kuanzisha tuliiacha kimya, bila kupanga. Kijana wa sauti ya nne alishindwa kungoja, akaanza. Alianza chini mno, soprano wakahangaika mpaka mwisho. Mama alicheka kwa sauti. Akasema, "Hata yeye alikuwa anawafanyia hivyo."

Baada ya kimanga na chai, alituomba tungoje, akaingia ndani. Akatoka na karatasi mbili za daftari la shule, zimekunjwa mara nne. Tulipozifungua tukakuta majina. Zile siku za Mei 2020, usiku, baada ya watu 15 kutawanyika, alikuwa amekaa na simu yake na kunakili kila ujumbe wa fedha uliomfikia, jina na kiasi, na fedha zile alizokabidhiwa na mweka hazina alimwomba amtajie nani ametoa nini. Majina 58. Alitaka kujua awashukuru akina nani. Tukamuuliza kwa nini hakutuletea Novemba ile. Akasema alikuwa nazo ndani ya mkoba siku hiyo, kwa sababu alidhani baada ya ibada tungekaa kuzungumza.

Karatasi hizo sasa zimebandikwa katika daftari la tano, mahali pake, kati ya msiba wa Januari 2020 na ule wa 2021. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa waweka hazina wetu wote. Mama ameahidi kuja leo ikiwa magoti yatakubali, na kama mnaona ameketi safu ya tatu, tafadhali msimngoje atoke; nendeni mkamwamkie.

Wa pili wa mwaka ule bado hatujampata. Alikuwa dada wa sauti ya pili, alikaa nasi miaka miwili tu, alikuwa mpangaji karibu na zahanati na hakuwa mwenyeji wa kusema sana juu ya kwao. Tunalo jina lake, na mwaka huu litasomwa. Mahali alipozikwa hatupajui, wala hatujui nani alichanga. Kama ulituma hata shilingi 50 kwa ajili yake, au ulimjua ndugu yake yeyote, mwone katibu.

Tumenunua daftari la sita, lenye jalada gumu. Kuanzia sasa mchango ukija kwa simu utanakiliwa humo siku hiyo hiyo kwa kalamu, na mweka hazina amekubali mbele ya mashahidi. Leo litakuwa juu ya meza ndogo karibu na mlango wa upande wa kinanda, pamoja na yale matano ya zamani. Yasomeni, lakini mikono iwe mikavu. Mkiona jina mnalolijua ambalo limekosewa, msilifute. Andikeni lililo sahihi kando yake. Mkiona pengo, andikeni. Orodha ya Novemba itafungwa Ijumaa baada ya mazoezi, saa mbili usiku.